Pikipiki Nne Kwenda Kupiga Shabaha Ibri

Tangu turudi, sipiti mtaa wetu wa Fereej Bin Mahmoud, hapa Doha, bila mtu kunisimamisha. Mwenye duka la chini ananiuliza, dada wa saluni ananiuliza, na walinzi wenzangu wa zamu ya mchana hotelini hawataki hata salamu: "Rehema, ni kweli mlikamatwa mpakani na silaha?" Hatukukamatwa na silaha. Hatukuwa na silaha hata moja. Lakini kila mmoja wetu amekwisha kusimulia kipande chake, na vipande havifanani, kwa hiyo nimeona niandike mwenyewe, maana safari ile niliipanga mimi. Habari za bima, vibali na mihuri siziandiki. Aliyewahi kusimama kwenye foleni hizo anazijua, na asiyewahi, Mungu amuepushie.

MEZANI, FEREEJ BIN MAHMOUD

Sisi ni watu wanne tunaopenda kulenga shabaha. Tukipata mapumziko ya pamoja tunakwenda kwenye uwanja wa kulengea, tunaazimwa bunduki, tunapiga karatasi, bunduki zinabaki palepale, sisi tunarudi kunywa karak, chai ya maziwa na iliki, na kubishana nani alitetemeka. Mimi mapenzi hayo niliyapata kwenye mafunzo ya mgambo kwetu Morogoro. Salum ni Mpemba, dereva wa familia moja kule Umm Salal, na kwa kulenga hatumfikii. Otieno ni Mkenya wa Kisumu, anaendesha basi la shule. Ssali ni Mganda wa Masaka, mlinzi wa usiku kwenye jengo la ofisi Al Sadd, mtu mpole ambaye akikosa shabaha huiomba msamaha karatasi.

Kila mmoja wetu ana pikipiki, na hakuna hata moja ambayo mtu angegeuka kuitazama.

Mkataba wa Ssali ulikuwa unakwisha, anarudi kwao moja kwa moja. Nilitaka tumuage kwa kitu ambacho hatakisahau. Salum ana jamaa yake Oman, Bwana Nassor, aliyezaliwa Wete akahamishiwa huko angali mtoto. Kijijini kwake, nje kidogo ya mji wa Ibri, wanaume hushindana kulenga shabaha kwa bunduki walizorithi kwa wazee wao, na mgeni akialikwa naye hupewa zamu. Tulikuwa tumealikwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Nikasema twende kwa pikipiki, na mipango nitaifanya mimi.

Salum aliweka kikombe chini. "Rehema, kupanga zamu za walinzi si sawa na kupanga safari ya jangwani. Nchi tatu hizo, Saudia, Imarati, halafu Oman."

"Basi panga wewe."

"Mie? Mie n'na kazi."

"Buda, kama huna plan, kunywa karak yako," Otieno akamwambia.

Nikapanga. Salum atatangulia kwa sababu anazijua barabara. Otieno na Ssali watafuata. Mimi nitakuwa wa mwisho, niwaone wote. Mmoja akisimama, wote tunasimama. Na asichukue mtu kitu chochote cha kunukia bunduki: si risasi, si ganda, si picha kwenye simu. Nililirudia hilo mpaka wakanichoka.

Siku hiyohiyo tulimpigia Bwana Nassor, simu tukaiweka sauti ya juu mezani. Kiswahili chake kilikuwa cha kizamani, kitamu. "Karibuni sana, wanangu. Mtapofika, inshallah, tutakupigieni mzinga."

Otieno aliruka kwenye kiti. "Mzinga? Aki huyu mzee ni wetu kabisa!"

Salum na mimi hatukuielewa furaha hiyo, mpaka Ssali akatueleza kwa unyenyekevu kwamba kwa Wakenya mzinga ni chupa kubwa ya pombe kali. Salum alishika kichwa. "Astaghfirullah! Mtu mzima yule, msikiti haumpiti! Mzinga ni ule wa baruti, ule unaolia!"

DOHA HADI MPAKANI

Tuliondoka Alhamisi baada ya alfajiri, Oktoba, joto bado halijaamua kuondoka. Barabara ya Salwa ilikuwa tupu na pikipiki zilikuwa zinavuta vizuri. Otieno alikuwa ametushonesha vizibao vinavyofanana, na mgongoni kila kizibao kina duara la shabaha, jekundu na jeupe. Nilivipenda. Ukiwa nyuma unaona maduara matatu yanakwenda mbele yako, unajua watu wako wapo.

Maduara hayo ndiyo yaliyotuponza. Upande wa pili wa mpaka, afisa mmoja kijana alizunguka nyuma ya Salum, akatazama kizibao, akaniuliza kwa Kiarabu hii ni alama ya nini. Kiarabu changu ni cha hotelini. Najua kumwelekeza mtu kwenye lifti na kumwambia chumba chake hakijawa tayari. Nikamjibu kwamba sisi ni watu wa kulenga shabaha. Sijui nilitamka vipi, maana alirudi nyuma hatua moja na kuita wenzake.

Walifungua kila kitu. Mabegi, viti, vikasha vya vifaa, hadi unga wa sima ambao Otieno alikuwa ameuficha ndani ya buti. Sikuwa na wasiwasi, kwa sababu nilijua hakuna kitu. Kisha afisa akainua ufunguo wa pikipiki ya Otieno. Kwenye pete ya ufunguo, limetobolewa na kung'arishwa, lilikuwa linaning'inia ganda la risasi.

"Otieno!"

"Manze, nilisahau. Hiyo ni ya kushikia funguo tu."

Tukapelekwa chumbani, tukasimamishwa ukutani. Afisa akauliza, mkubwa wenu nani? Watu wote wakamtazama Salum, kwa kuwa ndiye mwenye ndevu na mvi kidogo. Salum akayatazama mazulia.

"Ni mimi," nikasema.

Nilihojiwa kwa muda mrefu. Mnatoka wapi, mnakwenda kwa nani, bunduki ziko wapi. Nikajibu kwa maneno machache, yaleyale kila mara, kama tunavyofundishana kazini: mtu akikuuliza swali moja mara tatu, usimpe majibu matatu. Mwishowe akaja mkubwa wao, mzee mwenye miwani. Akaligeuza lile ganda mwangani, akaona tundu, akalipuliza kama filimbi. Halikulia.

"Wewe ni kiongozi," akaniambia taratibu ili nimwelewe, "na umeshindwa kumchunga mtu mmoja na ufunguo wake?"

"Leo nimeshindwa, afande."

Akacheka. Ganda akabaki nalo, akatupa tende na maji, akatwambia tuvae vile vizibao ndani nje mpaka tutoke kwenye nchi yake. Tulipowasha pikipiki jua lilikuwa limekwisha kuelekea magharibi. Mpango wangu wa siku nzima ulikuwa umeliwa, na Otieno aliendesha akiwa ameinama kama mtu aliyefiwa.

KITUO CHA MALORI

Hatukuweza kufika tulikokusudia. Tulilala kwenye kituo cha malori kabla ya mpaka wa Imarati, mahali penye msikiti mdogo, mgahawa mmoja na malori mengi kuliko watu. Madereva wa Kipakistani walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanakula dengu na mikate mikubwa ya tanuri, na mmoja wao, Gul, alitusogezea nafasi kabla hatujauliza bei ya kitu chochote. Dengu zile zilikuwa na pilipili ya kumfufua mtu. Otieno alikula mikate mpaka akasamehewa na tumbo lake mwenyewe.

Tulipokwisha kula, Gul aliona kizibao changu kilichoanikwa kwenye usukani. Akagusa duara, akafurahi sana, akawaita wenzake, wakajipanga mbele ya lori lake wakichana nywele. Tulishangaa. Kumbe alidhani lile duara ni lenzi, na sisi ni wapiga picha. Nikafungua mdomo nimweleze, nikakumbuka maelezo yangu ya asubuhi yalikotufikisha, nikaufunga. Otieno akachukua simu yake na kuwapiga picha kwa makini ya kazi rasmi, akiwasogeza mmoja mmoja, "wewe kidogo kushoto, wewe inua kidevu." Waliridhika, nasi tukalala tumeshiba.

Jambo moja sikulijua. Ssali, ili apate ruhusa ile, alikuwa amefanya zamu mbili za usiku mfululizo na kupanda pikipiki bila kulala. Na usiku ule, kwa ngurumo za malori, hakulala tena. Hakusema. Ssali hana tabia ya kusema.

BARABARA YA KWENDA IBRI

Ijumaa tulivuka Imarati kwa haraka, tukapita Al Ain, tukaingia Oman mchana jua likiwa utosini. Mpango ulikuwa tupumzike saa za jua kali. Salum hakutaka. "Alasiri itatukuta njiani," alisema kwenye kituo cha mafuta. "Watu wanatusubiri, Rehema. Tuliyoyapoteza mpakani yanatosha." Tukakubaliana mapumziko mafupi kila kituo, kila mtu anywe maji mbele yangu. Ssali alikunywa, akatabasamu, akasema, "Niko sawa, nyabo," yaani mama, kwa Kiganda chao.

Baada ya mpaka, nchi ni tambarare, kokoto na vichaka vya miiba, ngamia mmoja mmoja. Nilikuwa nyuma nikiyatazama maduara yangu matatu. Duara la Ssali likaanza kwenda kushoto. Likarudi. Likaenda tena kushoto, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu pembeni ya barabara. Nikapiga honi na sikuiachia. Pikipiki ikapunguza mwendo, ikaingia kwenye kokoto, ikalala ubavuni, na Ssali akalala nayo.

Nilipomvua kofia ngumu ngozi yake ilikuwa inaunguza kama sufuria, na hakuwa anatoa jasho. Akanitazama machoni na kuniambia maneno marefu kwa Kiganda. Hakunijua.

Hapakuwa na mti. Palikuwa na kalvati chini ya barabara, la kupitishia maji ya mvua na mbuzi. Tukamburuta humo kivulini, tukamvua koti, nikammwagia maji yetu yote shingoni, kwapani, kifuani. Otieno alilowesha vizibao na kumpepea, analia waziwazi. "Ssali, buda, usituchezee. Ssali!" Salum alikuwa barabarani anapunga mikono miwili.

Aliyesimama ni mzee wa Kibaluchi mwenye pikapu iliyojaa mbuzi. Hakuuliza kitu. Alisukuma mbuzi upande mmoja, tukampakia Ssali, mimi nikakaa nyuma naye, kichwa chake mapajani kwangu na mbuzi mmoja akitafuna mkanda wa koti langu. Salum na Otieno wakafuata kwa pikipiki; yangu na ya Ssali walizirudia jioni ile. Kituo cha afya hakikuwa mbali. Daktari, mama wa Kihindi mwenye sauti ya ukali, alimwekea dripu na barafu, na baada ya muda akatoka kutwambia kwamba atapona, na kwamba yale maji tuliyommwagia ndiyo yaliyomfikisha pale akiwa hai.

Nilikaa chini palepale kwenye korido.

Salum akaja kusimama mbele yangu. Alasiri ilikuwa inakaribia. "Alhamdulillahi, Ssali ana daktari sasa," akasema. "Wewe kaa naye. Mie na Otieno twende, tuwahi. Bwana Nassor amewaita watu kwa ajili yetu. Itakuwa aibu."

"Hakuna anayekwenda, Salum."

"Kwani sisi wawili tukikaa hapa tutamtia dripu ya pili?"

"Tulisema mmoja akisimama, wote tunasimama."

"Yale maneno ya mezani! Tumetoka Doha, tumelala na malori, tumepekuliwa kama wezi, ili tukalenge. Safari hii ni ya kulenga!"

"Safari hii ni ya Ssali."

Alinitazama. Sikuinuka, lakini sikuyaondoa macho yangu pia. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyesema ni mkubwa wenu pale mpakani. Basi ni mkubwa wenu na hapa." Alitoka nje, nikasikia kofia yake ikitupwa kwenye kiti cha pikipiki. Nikasubiri mlio wa injini. Injini haikulia. Baada ya muda alirudi na mkebe wa maziwa ya mgando na mkate, akaviweka pembeni yangu, akaingia kumsomea Ssali dua.

Bwana Nassor nilimpigia mimi. Nyuma ya sauti yake nilisikia milio ya bunduki. Walikuwa wamekwisha kuanza. Nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, mshughulikieni mgonjwa. Sisi tupo hapa hata kesho, hatuendi pahala."

NYUMBANI KWA BWANA NASSOR

Jumamosi daktari alimruhusu Ssali, kwa sharti kwamba asiendeshe. Yule Mbaluchi akajitokeza tena, safari hii bila mbuzi, akampakia Ssali na pikipiki yake mpaka kijijini, akakataa hata chai.

Bwana Nassor alitupokea mlangoni mwa boma kwa kanzu nyeupe na jambia kiunoni. Pale nje palikuwa na kijimzinga cha shaba, kifupi kama mbuzi aliyelala. "Jana kililia," akasema kwa masikitiko. "Baruti imekwisha." Otieno akakipapasa mgongoni. "Pole," akakiambia. "Mimi nilikuwa nafikiria mwingine."

Kisha wanaume wakaingizwa baraza lao, nami nikapelekwa upande wa wanawake. Sikupenda, kwa kuwa nilitaka kusikia mipango ya kulenga, lakini adabu ya nyumba ya watu ndiyo hiyo. Huko alikuwapo mke wa Bwana Nassor, Bi Salma, mwenye Kiswahili kama cha mumewe na maswali mengi zaidi. Alinipakulia bokoboko la ngano na nyama, limepondwa mpaka limelegea, na samli juu yake.

"Mumeo ni yupi kati ya wale?" akaniuliza.

"Hakuna, Bi Salma."

"Kaka yako basi?"

"Wala."

Akasimamisha mwiko. "Sasa wewe umewafuata hawa wanaume watatu mpaka huku?"

"Sikuwafuata. Nimewaleta."

Ikabidi nimhadithie yote, toka karak mpaka kalvati. Alisikiliza bokoboko likipoa. Nilipomaliza akainuka, akaenda kwenye mlango wa baraza la wanaume, akaugonga kwa mwiko.

"Nassor! Mnazungumza na nani huko? Mkubwa wao yuko huku kwetu, anakula!"

Kisha nikasikia sauti ya Salum, si kubwa. "Ni kweli, Bwana Nassor. Nilikuwa nataka kukwambia."

Asubuhi yake tulitoka nyuma ya shamba la mitende, Bi Salma naye, na mabinti zake wawili. Shabaha ilikuwa jiwe lililopakwa chokaa, mbali chini ya kilima, jeupe kama jino. Bunduki ilikuwa ya babu yake Bwana Nassor, ndefu, kitako kimefungwa vipande vya fedha. Kila mgeni risasi moja. Bwana Nassor akaichukua kwa mikono miwili, akampita Salum, akanipa mimi.

Nililala kifudifudi kwenye mkeka. Bunduki ile ni nzito, na moyo wangu ulikuwa unaitikisa. Nikasubiri utulie. Jiwe lilikuwa linakuja na kuondoka juu ya ncha ya mtutu. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikabana kidole. Bega lilipigwa teke, na kule mbali chokaa ikaruka juu kama unga. Bi Salma alipiga vigelegele vilivyorudi kutoka mlimani. Sitasema uongo kwamba niliona haya. Niliinuka nikiwa mrefu.

Salum naye alipiga jiwe, pembeni. Otieno alipiga kilima. Ssali, aliyekaa kwenye kiti kwa amri yangu, alilenga kwa muda mrefu sana, akapiga, na hatukujua hata risasi ilikoelekea. Akaishusha bunduki huku anacheka, mara ya kwanza tangu Al Ain.

"Nimekosa," akasema. "Lakini nimekosa nikiwa hai, nyabo. Webale, asante."

KURUDI

Tulirudi polepole. Tulipumzika kila jua lilipokuwa kali, na hakuna aliyebisha. Ssali alikuwa amepata nguvu, lakini nilimweka mbele yangu kabisa, na kila kituo nilimtazama anapokunywa maji mpaka akaomba nimwache hata aende chooni.

Kituo cha mwisho cha mafuta kilikuwa ndani ya Qatar, Doha ikiwa karibu. Tulikuta hapo kundi la waendesha pikipiki wanane au zaidi, mashine kubwa zinazong'aa, makoti ya ngozi, wenyewe kwa wenyewe wanapigana picha. Mmoja wao, mtu mwenye heshima zake, alizitazama pikipiki zetu zilizojaa vumbi la nchi tatu, akauliza tumetoka wapi. Otieno akamwambia. Hakuamini mpaka alipoona mihuri.

"Kwa pikipiki hizi?" akasema. "Nani amewaongoza?"

Alikuwa anamtazama Salum. Salum alikuwa anafuta kioo cha kofia yake kwa ncha ya kizibao. Hakuinua kichwa haraka. Alimaliza kufuta, akaivaa kofia, kisha akaninyooshea mkono, mkono wote, kama mtu anayemtambulisha mgeni rasmi.

"Huyu," akasema. "Na kama si yeye, tungerudi watatu."